Baba Alipofika Jumbani kwa Bwana Masudi

Newala,
Jumapili, likizo ya Juni.

Kwako Kaka Ashiru,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu kuwa karatasi hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na wifi yangu Sophia na watoto wote, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa mvua kimepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Nurdini anakusalimu sana. Siku hizi yuko Mkunya anapulizia mikorosho dawa, na jioni akirudi amejaa salfa mpaka kwenye kope, kama mtu aliyeangukia kwenye gunia la unga. Maji ni yale yale unayoyajua. Bomba likikohoa mara moja, mtaa mzima unatoka na ndoo, na aliyechelewa anarudi nayo tupu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua zama hizi wakati simu ninayo. Sababu unayo wewe mwenyewe, kaka. Kila nikimtaja Baba, mtandao wa Kahama unaharibika ghafla. Mara hunisikii, mara uko kwenye kelele, mara chaji imeisha. Nikaona karatasi haina pa kukatia. Unaweza kuichana, hilo najua, lakini wewe tangu utoto ulikuwa unasoma hata magazeti ya kufungia maandazi, huwezi kuchana kitu hujakisoma. Basi nakuomba usome mpaka mwisho. Nimempa Dickson, dereva wa lori anayekuja huko kwenu, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu.

Baba aliugua mwezi wa tatu. Sikukwambia wakati ule kwa sababu nilikasirika nawe, nikasema kama unataka habari uulize mwenyewe. Alilazwa Masasi, akapata nafuu, akarudi nyumbani akiwa amekonda, kofia inamzama masikioni. Tangu hapo akawa na wimbo mmoja tu, kwamba anataka kuliona jumba kabla hajafa. Alisikia redioni kwamba lile jumba la Bwana Masudi kule pwani, mbele kidogo ya Mikindani, limekarabatiwa na sasa watu wanaruhusiwa kuingia kulitazama. Nikimpelekea uji, jumba. Nikimpa dawa, jumba. Majirani wakija kumjulia hali wanamwita kama walivyomwita siku zote, Mzee wa Jumbani, naye anakohoa na kuwaahidi kwamba atakwenda kuwasalimia watu wake.

Si unakumbuka tulivyolelewa na jumba hilo. Watoto wenzetu walisimuliwa habari za sungura na fisi, sisi tulisimuliwa sahani za kaure zenye maua ya buluu, samli iliyonukia mpaka barazani, na mikufu ya wake wa Bwana Masudi iliyolia wakitembea ghorofani. Sisi si watu wa hivi hivi, alikuwa akituambia. Bibi yangu mzaa mama alikulia jumbani. Nawe ulipigana na watoto wa mtaa kwa sababu ya maneno hayo, ukapasuka nyusi, na Baba akakusifu badala ya kukuchapa.

Na ni jumba hilo hilo lililokutoa nyumbani. Sitakurudishia habari ya siku ya posa, maana ulikuwepo. Nasema tu kwamba mimi nilikuwa ndani na wanawake, upande wa pazia, na nilimsikia Baba akisema mbele ya wazee wa Sophia, ndani ya nyumba yao, huku chai yao ikiwa mkononi mwake, kwamba hawezi kumposea mwanawe kwa watu walioletwa na kamba shingoni. Ukamwoa Sophia kwa kusimamiwa na Baba Mdogo, mkaondoka. Mama alipofariki ulikuja, ukashika jeneza, ukasimama makaburini, ukapanda gari bila kuvuka kizingiti cha nyumba aliyokuzalia. Nilikuelewa, ila iliniuma.

Sasa sikiliza safari yetu. Nilikubali kumpeleka kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa ameanza kutishia kwenda peke yake. Pili, nisikufiche, nilikuwa na mpango wangu. Mwanao Salmini alinipigia simu mwezi wa nne kwa simu ya rafiki yake, akaniuliza kama babu yake anajua kwamba yupo duniani. Sikuwa na jibu. Nikajiambia, mzee akishaliona jumba lake moyo utatulia, nami nitapata nafasi ya kuzungumza naye habari zenu, tuko wawili tu, hana pa kukimbilia. Kumbe nilikuwa nahesabu vifaranga mayai hayajaanguliwa.

Nilishuka Masasi kumchukua. Kaka, mzee alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, koti jeusi juu yake, kofia ya kufuma, na bakora ameipaka mafuta. Kwenye stendi aligoma kukaa siti ya nyuma, akagoma kukaa dirishani kwa sababu ya upepo, akagoma mizigo yake kuwekwa chini kwenye buti. Mpaka tunafika Mnazi Mmoja alikuwa ameshamhadithia kila abiria aliyekuwa karibu kwamba anakwenda kwao. Hakula chakula nilichomnunulia. Alisema jumbani watatukaribisha. Nikamwuliza watatukaribisha akina nani, Baba, wenyewe walishaondoka zamani, mahali pale sasa ni pa watalii. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Tulipofika tulikuta geti limefungwa. Ndani kulikuwa na maharusi kutoka Mtwara wanapigwa picha, wamelikodi jumba kwa siku nzima. Yule mlinzi alikuwa na adabu zake, akatuambia turudi kesho asubuhi. Baba hakusogea. Akamwambia mlinzi kwamba yeye si mgeni, yeye ni mtu wa nyumba ile, na kwamba zamani watu kama mlinzi yule walikuwa wanavua kofia wakimwona mtu wa nyumba ile. Niliona aibu mpaka nikataka kujifunika khanga. Juani pale, mguu unamuuma, na hataki kukubali. Tukaishia kulala nyumba ya wageni Mikindani, akilalamika kwamba godoro lina mawe na samaki hana ladha. Nami nilishachoka, nikamjibu vibaya. Nilimwambia wali wa Bwana Masudi ulishaliwa ukaisha.

Asubuhi tukarudi, tukaingia. Jumba lenyewe, kaka, siwezi kusema uongo, ni zuri la kukuziba mdomo. Limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba dirishani mtu anaweza kulala. Mlango mkuu umechongwa maua na minyororo, umepigiliwa misumari ya shaba mikubwa kama ngumi ya mtoto. Ndani kuna uwazi wa katikati wenye nguzo, halafu ghorofani vyumba vinafuatana, boriti zimepakwa rangi nyekundu, sahani zimezamishwa ukutani kama mapambo, kioo cha kutoka ng'ambo kirefu kuliko mlango wa nyumbani kwetu, na kitanda cha shaba ambacho mtu anakipanda kwa ngazi. Ukisimama roshani unaona bahari yote mbele yako, kama mali ya mwenye nyumba.

Aliyetutembeza ni kijana mmoja anaitwa Emmanuel, mtu wa Masasi pia, mpole. Alikuwa na kundi la walimu kutoka Lindi, tukaunganishwa nao. Baba alishamwambia tangu getini kwamba yeye ni wa ukoo wa jumba, na Emmanuel akafurahi, akawatangazia walimu wale kwamba leo wana bahati. Wakaanza kumpisha mzee mbele na kumshika mkono.

Ndipo nilipoanza kuona jambo. Baba hakulijua jumba lile. Emmanuel alipotuelekeza kwenye ngazi kubwa ya mbele, Baba alikuwa ameshageuka kwenda upande wa nyuma, akisema ngazi ziko huku, ni nyembamba, zinapanda karibu na jiko. Emmanuel akamjibu kwa heshima kwamba zile za nyuma zilikuwepo kweli lakini zilibomoka, na kwamba wenyewe walipanda hizi za mbele. Chini ya ngazi mzee akavua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Akapanda akiambaa ukutani, kwenye kona, utadhani anaogopa kusikika. Ghorofani alikuwa anauliza mambo kama mimi tu. Hiki chumba ni cha nini? Wenyewe waliketi wapi? Mwalimu mmoja alimwuliza Bwana Masudi alikuwa mtu wa namna gani, na mzee aliyetuhadithia jumba maisha yetu yote akababaika, akasema alikuwa mtu mkubwa. Basi. Mtu mkubwa.

Nilihisi hasira ikinipanda, maana nilidhani nimeelewa. Nilidhani ametudanganya, kwamba hakuwahi kuwa na uhusiano wowote na jumba lile, kwamba ni habari aliyoiokota sokoni akajivika. Nikasema moyoni, kumbe kaka yangu amefukuzwa kwa ajili ya upepo.

Tuliposhuka, Emmanuel aliwapeleka walimu kutazama kisima cha uani. Mimi nikageuka nikakuta Baba hayupo. Nilimwona nyuma kabisa, amenyanyua kamba iliyofungwa kuzuia watu, anapita. Upande ule haujakarabatiwa, wameweka viti vya plastiki na mifuko ya saruji. Nilimkimbilia nikimwita arudi, tutafukuzwa. Hakusikia au hakutaka. Mbele yake kulikuwa na ukuta mweusi wa masizi, na kona ambayo hatukuweza kuona nyuma yake. Alipinda ile kona, na kabla hajaufikia mlango aliinama. Kaka, nilikuwa nyuma yake, niliona kwa macho yangu. Aliinamisha kichwa kwanza, kisha ndipo ule mlango ukatokea, mfupi, wa kumfanya mtu mzima aingie kama anarukuu. Mimi niliyekuwa namfuata niligonga paji la uso.

Kule ndani mzee alikuwa mtu mwingine. Alinionyesha mafiga yalipokuwa, na kweli mawe yapo. Alinionyesha tundu ukutani, mraba mdogo, akasema hapa ndipo sahani zilipopitishwa, ili anayekula asimwone anayepika. Alipapasa ukuta kwa kiganja mpaka akapata mfereji wa kumwagia maji machafu. Alinionyesha pembe waliyolala, chini, kwenye majivu wakati wa kusi kwa sababu ya baridi. Ndipo nikazikumbuka hadithi zake zote na nikaona nilivyokuwa mjinga. Sahani za maua ya buluu, lakini hakuwahi kutuhadithia mtu anayekula kwenye sahani hizo. Samli iliyonukia, lakini hakuwahi kutuambia ladha yake. Mikufu iliyolia ghorofani, juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa chini.

Nikamwuliza, Baba, bibi yako alikuwa nani katika nyumba hii?

Akaketi kwenye mfuko wa saruji na kanzu yake ya Idi. Alisema, "Aliitwa Faida. Jina walilompa wao. Lake hakulikumbuka."

Alinieleza polepole, huku akitazama mafiga. Faida alikuwa mtoto wa huku kwetu uwandani. Alichukuliwa bondeni, upande wa Ruvuma, alikokwenda na dada zake kuteka maji. Wenzake walikimbia, yeye alikuwa mdogo, mtungi ulimzidi nguvu akaogopa kuuvunja. Akapelekwa pwani, akauzwa, akakulia jikoni kwa Bwana Masudi mpaka Wajerumani walipoondoka na mambo yakalegea, ndipo akapanda bara na mtu aliyemwoa, wakakaa Masasi. Ndiye aliyemlea Baba alipokuwa mdogo, na ndiye aliyemhadithia. Kwa hiyo Baba hakusema uongo, kaka. Bibi yake alikulia jumbani. Majirani ndio walioongeza kwamba ni binti wa Bwana, naye akawaacha waongeze, na sisi tukaongeza zaidi, na mwisho kitu kikawa kikubwa kuliko yeye mwenyewe.

Nilikuwa nimeanza kumwonea huruma. Nilitaka hata kumshika mkono. Lakini swali likanijia, nikamwuliza, sasa Sophia alikosa nini? Kama nasi tumeletwa na kamba shingoni, ulikuwa unamtukana nani siku ile?

Soma taratibu hapa, Ashiru, na kama Sophia yuko karibu msome pamoja, maana haya ni yenu kuliko yangu.

Unakumbuka siku ile bibi yake Sophia alitolewa ndani kuja kuwasalimia wageni. Yule bibi mzee sana, macho yameshaingia ukungu. Alimshika Baba mkono akaung'ang'ania, akamgusa uso. Sisi tulidhani ni uzee. Baba anasema alimnong'oneza, "Wewe si mjukuu wa Faida? Mama yangu na Faida walitwanga kinu kimoja kule pwani. Walilala chini ya kitenge kimoja." Na akaanza kucheka, kaka, akaanza kugeuka awaambie wanawe kwamba huyu si mgeni, huyu ni ndugu, amerudi. Baba alisikia kwamba neno linalofuata litasemwa kwa sauti mbele ya wazee wote wa Masasi aliokuja nao, wale wanaomwita Mzee wa Jumbani. Akamtangulia. Akasimama akasema aliyosema, ili neno la bibi likitoka lionekane ni la mtu mwenye hasira anayelipiza. Na bibi yule hakulisema tena. Alikufa mwaka uliofuata, hakumwambia mtu.

"Alisema kwa furaha," Baba aliniambia. "Hilo ndilo linalonitesa. Hakuwa ananidhalilisha. Alikuwa anafurahi kuniona."

Kaka, sikumbembeleza. Nilipaswa labda, ni mzee na ametoka kuugua, lakini sikuweza. Nilimwambia kwamba Mama alikufa akiliita jina lako. Nilimwambia kwamba una watoto wasiojua sura yake, na wa kwanza mmempa jina lake. Nilimwambia kwamba yule bibi alimwona ndugu naye akamrudishia tusi, na kwamba Bwana Masudi mwenyewe, popote alipo kaburini, asingeweza kumtesa mjukuu wa Faida kama alivyojitesa na kututesa sisi. Nilisema kwa sauti. Nadhani mpaka walimu wa Lindi walisikia kelele, maana Emmanuel alikuja mbio akiuliza kama mzee ameanguka. Alinisaidia kumwinua. Akatueleza, kama mtu anayeomba radhi kwa uchafu, kwamba upande ule wanangoja fundi, wanataka kuweka vyoo vya wageni.

Nilidhani hapo Baba atasema. Nilimtazama, nikamngoja. Alikuwa na kila nafasi ya kumwambia kijana yule ni mahali gani hapa. Hakufungua mdomo.

Lakini lililonimaliza lilitokea mbele. Walimu walikuwa wanamngoja kwenye ule mlango mkubwa. Walikuwa wameshatoa kiti kimoja cha kale cha kuchonga, wakamwomba mjukuu wa Bwana Masudi akae wapige naye picha ya kumbukumbu. Nikasema sasa, mtu aliyetoka kusema aliyoyasema, atakataa. Akakaa, Ashiru. Akanyoosha kanzu, akapangusa vumbi la saruji magotini, akashika bakora mbele yake kwa mikono miwili, akapigwa picha. Wakaniita nami nisimame nyuma ya baba yangu. Nikasema kichwa kinaniuma, nikatoka nje ya geti, nikalia kwa hasira kwenye ukuta wa barabarani kama mtoto aliyenyang'anywa.

Kurudi tulipanda basi. Mimi nilitazama dirishani, yeye alitazama mikono yake. Tulipopita Ndanda ndipo aliponiambia kwamba yale ya jikoni ni amana, niyafunge mpaka atakapozikwa. Nikamwambia sitayafunga. Nikamwambia nitamwandikia Ashiru, na kama anataka kunizuia anishushe hapo hapo njiani. Alisema nikikuandikia nisimwite tena baba. Nikamjibu kwamba alishafundisha mmoja kuishi bila kumwita hivyo, wa pili hatamshinda. Abiria wa mbele yetu akageuka. Najua si maneno ya kumwambia mzazi, na usiku wake niliswali nikaomba toba, ila sikuyafuta.

Nililala kwake Masasi. Hakuniaga. Asubuhi nilikwenda stendi kupanda gari la Newala, nimeshakaa, konda anaita abiria wa mwisho, nikasikia bakora inagonga ubavu wa gari. Ni Baba, amekuja kwa bodaboda, yeye anayesema bodaboda ni jeneza lenye injini. Hakuvaa kanzu wala koti, alikuwa na msuli na fulana ya ndani, amenyoa ndevu nusu. Nilifungua dirisha. Nilidhani amekuja kunikataza tena.

Aliniuliza kama bado nina nia ya kuandika. Nikamjibu ninayo.

Akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Nilimngoja aseme neno ambalo mimi nawe tumelingoja miaka yote, na nakwambia kweli kwamba hakulisema. Alisema, "Kama utaandika, mwambie asije peke yake."

Gari likaondoka. Nilimwona amesimama pale pale na msuli wake katikati ya pikipiki, watu wanampigia honi.

Kaka, mimi sikuombi usamehe, sina haki hiyo. Yeye hajaomba, na maneno yale hayatoshi, najua, nimeyapima njia nzima kupandisha uwanda na kila nikiyapima yanapungua. Bado nina hasira naye. Juzi alinitumia ujumbe kuuliza kama barua imeshaondoka, sikumjibu mpaka leo. Ila nimeona nikikaa na neno hili kifuani nitakuwa nimemfanyia Sophia kama alivyofanyiwa bibi yake. Mama mkwe wako yuko Masasi pale pale, naye hajui kwamba mama yake alimtambua mtu siku ile. Ni haki yake kuambiwa, na si mimi wa kumwambia. Mkija mtaamua nani aseme. Msipokuja, nimeshakukabidhi.

Nikomee hapa, mafuta ya taa yamebaki kidogo na umeme tangu mchana umekwenda. Msalimie sana wifi Sophia, mwambie khanga aliyoniletea kwa mkono wa Dickson mwaka jana ndiyo niliyovaa ninapoandika. Wabusu watoto mmoja mmoja, na huyo mkubwa wao, Salmini, mwambie shangazi yake amepata jibu la swali lake, ila anataka alisikie kwa babu yake mwenye jina. Nurdini na wanangu wanakupa salamu zisizobebeka. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akufungulie njia iliyo na heri.

Wako mdogo wako,
Shakila Salmini